Uso wa Baba Mkwe

Mjukuu wangu anaolewa. Amekuja na daftari, kanikalia hapa barazani, ananisomea maneno ya harusi mojamoja kama anaita mahudhurio. Kamati. Vikao. Sendofu. Kichenipati. Mshereheshaji. Kila neno lina mtu wake wa kulipwa. Kaniuliza, "Bibi, na ninyi mlikuwa na nini?" Nikamwambia sisi tulikuwa na maneno machache, ila kila neno lilikuwa na miguu. Lilikuja mpaka mlangoni likapiga hodi. Mshenga alikuwa mtu mwenye koti. Posa ilikuwa asubuhi fulani. Mkwe alikuwa mkwe, na hilo ndilo neno lililotaka kunitoa kwenye ndoa kabla sijamaliza siku moja. Yeye kaliandika kwenye daftari, kaweka nukta, kaendelea. Mimi siwezi kuliacha hivyo.

Kwetu ni Iringa, Mlandege. Ninayoyasema ni ya miaka ya sabini mwanzoni, nami nilikuwa msichana mwenye darasa la tatu na mikono yenye nguvu. Mama yangu alikuwa mjane. Alikuwa akiuza togwa karibu na karakana ya mbao, nami nilikuwa nikimsaidia kubeba ndoo. Baba alikufa mimi bado nalala mgongoni. Sina picha yake. Nilichonacho ni harufu ya tumbaku na sufu iliyolowa mvua, basi, na hata hiyo sijui kama ni yake au ni ya koti lililobaki msumarini mpaka panya wakalimaliza.

Wenzangu walipokuwa wakiwaza kuolewa, waliwaza mume. Huyu anamtaka mrefu, yule anamtaka mwenye baiskeli. Mimi niliwaza baba. Nilikuwa najiambia, siku nitakayoolewa nitapata mzee wa kumwita baba, nitampigia magoti asubuhi, nitampa maji ya kunawa, naye ataniita mwanangu. Sikumwambia mtu. Angenicheka.

Mume wangu alikuwa fundi seremala, Mnyakyusa, aliyekuja Iringa kuchonga madawati. Siku ya kwanza alikunywa togwa la mama, akanirudishia kikombe.

"Dada, togwa lenu lina mawe."

"Mawe ni meno yako. Angalia yasije yakabaki humo."

Kesho akarudi kunywa mawe yake. Akawa anarudi kila siku, vumbi la mbao kwenye nyusi, anasimulia kwao. Alisema kwao mvua hainyeshi na kuacha, inanyesha na kupumzika. Alisema nyumba ya baba yake imezama kwenye migomba hata moshi wake hujui unatokea wapi. Na alisema baba yake akicheka, ndege wanahama. Hapo nikakaa chini juu ya ndoo. Nasema kweli, nilimpenda yule mzee wiki mbili kabla sijampenda mwanawe.

Mshenga akaja na basi kutoka Mbeya, kizee kifupi ndani ya koti refu, na barua ya posa kwenye bahasha ya kaki. Shida ikawa moja: nyumbani kwetu hakuna aliyejua kusoma isipokuwa mimi, na mimi ndiye ninayeposwa, sitakiwi kuwepo. Mjomba wangu aliyesimama mahali pa baba akakuna kichwa. Mwishowe barua ikapitishwa chini ya mlango wa chumbani. Nikaisoma mle ndani, kidole juu ya neno, sauti ikipenya kwenye mbao: tumeona ua katika bustani yenu. Mjomba akauliza kwa ukali, "Ua gani?" Nikajibu kupitia mlango, "Mimi, mjomba." Wazee wakacheka mpaka mshenga akapaliwa na ulanzi.

Wakaleta jembe, maana kwetu posa isiyo na jembe ni maneno tu. Mahari wakayazungumza wao kwa wao, mimi niko jikoni nageuza ugali. Kisha yakaja matangazo. Jumapili tatu mchungaji alisoma majina yetu mbele ya watu, na kila alipofika pale pa kuuliza kama kuna mwenye pingamizi, mama aligeuka nyuma na kuwakagua waumini benchi kwa benchi, kama mtu anayetafuta nani kamwibia kuku. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Siku ya harusi nilivaa shela la mtaa. Lilikuwa moja, la mke wa mzee wa kanisa, na lilikuwa limeshawapitia wasichana wote wa Mlandege. Ukilivaa unasikia ndani yake poda za wenzako wote waliotangulia. Kila kitu nilikiona kupitia wavu ule: mishumaa, kwaya, mume wangu aliyesimama mgumu kama kabati alilotengeneza mwenyewe. Shangazi alikuwa mpambe wangu na kazi yake kubwa ilikuwa kunifinya kiuno nisitabasamu. Enzi zile bi harusi akicheka, watu walisema huyu kapachoka kwao. Nilifinywa mara sita. Nilikuwa na furaha.

Lakini kwenye benchi la mbele, upande wao, palikuwa na nafasi wazi. Mama mkwe wangu alikuwepo, mwanamke mpana, mtulivu, amekaa kama mlima uliovaa kitenge. Pembeni yake hapana mtu. Niliitazama nafasi ile kupitia shela, nikaitazama tena. Mzee hakuja.

Baada ya chakula nilimsikia mjomba amembana mshenga nyuma ya kanisa.

"Mzee mwenzangu yuko wapi?"

"Anawasalimu sana."

"Salamu ulizileta wewe. Nauliza yeye."

"Kwetu, mzee, baba hafuatani na bi harusi. Ni heshima."

"Heshima ya kukaa nyumbani? Sema tu Wahehe hatumpendezi."

Mshenga akaanza kueleza, akaona wanawake wako karibu, akaona haya, akanyamaza. Angeendelea dakika moja tu! Lakini mambo haya kwao si ya kuyasema hovyo mbele ya watu, naye alidhani mume wangu alikwisha kuniambia. Mume wangu alidhani ataniambia mama yake. Mama yake alidhani msichana yeyote duniani amezaliwa anayajua. Hivyo nikapakiwa kwenye lori bila kujua kitu.

Mjomba akapanda tairi ili anifikie sikioni. "Sikiliza," akasema. "Yule mzee ana kinyongo na sisi. Wewe usirudishe kinyongo. Ukifika, usingoje akuite. Mtafute mwenyewe, mwangukie, umsalimu kama ulivyofundishwa. Moyo wake utalainika." Nikaitikia. Niliyameza maneno yale kama dawa.

Safari ile mpaka leo siwezi kukuambia kama niliiona au niliiota. Nilikaa mbele, mpambe wangu kalala begani kwangu, shela limekunjwa mapajani. Lori liliteremka kutoka kwenye baridi yetu, likaingia bondeni, na pale Usangu joto likapanda miguuni kama maji. Nchi ikawa bapa, ya rangi ya ngozi ya ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa kila mahali, wanatembea ndani ya vumbi bila miguu, na wachungaji wao, wale waliohamia kutoka kaskazini, wamesimama kwa mguu mmoja wanatutazama. Nilisinzia. Nilipozinduka tulikuwa tunapanda tena, Uyole imepita, na dunia yote imegeuka kuwa kijani na ukungu. Kila nilipoona mzee barabarani nilijiambia, labda ndiye huyu. Nilikuwa namsalimu moyoni, mmoja baada ya mwingine, wazee wa njia nzima.

Tulifika jioni, mvua imepumzika. Vigelegele vilitoka kwenye migomba kabla watu hawajatoka. Wanawake wakanifunika kanga kichwa kizima, wakanishika mikono, wakaniingiza ndani nikiwa sioni kitu ila miguu yangu na matope. Nilidhani wananikinga na baridi. Wakaniweka chumbani, wakasema wewe sasa ni mwali, tulia. Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, akaniletea maziwa ya mgando, akakaa kunitazama ninavyokunywa. Nikamuuliza, "Baba yupo?" Akashtuka, akaziba mdomo wake kwa mkono, akacheka. Nikaona huyu mtoto ana adabu mbaya.

Asubuhi yake niliamka kabla ya wenye nyumba. Nikatoka nje mwenyewe, bila kanga kichwani, kutafuta choo.

Ukungu ulikuwa umekaa chini kabisa, umeifunika ardhi, migomba imechomoza juu yake kama watu wanaooga mtoni. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka jani hadi jani. Nikasikia panga: chwa, chwa. Nikaifuata sauti. Palikuwa na mzee mrefu anakata majani ya mgomba ya kupakulia chakula cha sherehe. Alikuwa na mgongo wa mume wangu. Akageuka, akawa na nyusi za mume wangu, ila zimekuwa nyeupe, na vumbi la mbao halimo.

Nilimwona. Nataka hili lieleweke. Nilimwona mzima, macho yake mekundu kidogo ya moshi, shavu lililobonyea upande mmoja ambako jino halipo, kovu dogo juu ya mdomo. Nami nikafanya kile nilichofundishwa tangu niko mdogo. Nikapiga magoti kwenye matope, nikaishika mikono yake yote miwili, nikamsalimu kwa Kihehe, "Kamwene, baba."

Panga lilianguka. Mzee aliitoa mikono yake kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akanyanyua jani kubwa la mgomba, akajiziba uso nalo, akaanza kurudi kinyumenyume. Nami sikuelewa! Nikadhani ni kile kinyongo, nikamfuata kwa magoti, "Baba, baba, nisamehe, baba." Akatumbukia kwenye mtaro. Akatoka. Akakimbia. Mzee wa mvi, mwenye watoto wakubwa, alikimbia kwenye ukungu na jani usoni, na nyuma yake wanawake wa nyumba ile walikuwa wamekwisha kutoka na wote wanapiga kelele.

"Wifi! Wifi umefanya nini! Umemshika mkwe!"

Wifi ndiye aliyenieleza, tumejifungia chumbani, ananisugua matope magotini. Kwao mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, naye hamtazami. Akimsikia anakuja, anapisha njia, anachuchumaa, anajifunika. Hasemi naye. Hapiti alipokaa. Ndiyo maana hakuja Iringa. Ndiyo maana walinifunika kanga. Mzee alikaa nyumbani siku nzima ya harusi yangu kwa sababu ya kuniheshimu.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka lini vipi?"

"Nitamsalimu lini?"

Wifi akanitazama kwa huruma. "Wifi, humsalimu. Ndiyo mkwe hivyo."

Nililia kuliko nilivyolia kanisani, na kanisani nililia kwa kufinywa. Nimesafiri kutwa nzima kumfuata baba, na baba ndiye mtu mmoja katika kijiji kizima ambaye sitamwona.

Nje walikuwa wanabishana. Shangazi wa mume wangu, dada wa mzee, alikuwa na sauti ya kupasulia kuni. "Huyo Mhehe apakiwe. Lori lipo, injini haijapoa. Kaka yangu atakaaje na mtu aliyemshika mikono? Watoto watakaozaliwa hapa watakuwa na heshima gani?" Mume wangu akajaribu kunitetea, akaambiwa anyamaze, yeye ndiye aliyeshindwa kumfundisha mkewe. Akaja chumbani, kasimama mlangoni anapindapinda kofia.

"Nilidhani unajua."

"Nijue kwa nani? Kwa randa yako?"

"Twende zetu mjini. Nimepata chumba Soweto, pale Mbeya. Baba ni mkaidi, akishaondoka haongei mwezi."

"Ameondoka?"

Alikuwa ameondoka. Amehamia kwa mdogo wake, ng'ambo ya kijito, na amesema hali chakula cha nyumba ile.

Nikamwambia mume wangu, "Wewe nenda Soweto ukachonge vitanda vya watu. Mimi siondoki hapa kama mwizi wa mtoto wa mtu." Nilisema kwa ujasiri. Ningerudi Mlandege na uso gani? Mama angewatazama vipi wale aliowakagua Jumapili tatu?

Mama mkwe akaingia, akakaa kitandani, kitanda kikalalamika. Akasema taratibu, Kiswahili chake kimechanganyika na lugha ya kwao: "Mzee hana hasira. Ana aibu. Aibu ni mbaya kuliko hasira, haiombwi msamaha. Utapika. Wifi yako atapeleka. Akila kilichotoka mkononi mwako, umeolewa, shangazi hana la kusema. Asipokula..." Akainua mabega. Shangazi pale nje akasikia, akasema, "Haya, tuone. Nami siendi kwangu mpaka nione."

Nikapika ugali wa kwetu, mgumu, uliosimama. Bakuli likarudi na kifuniko chake hakijaguswa. Shangazi akalila mwenyewe, akasema si chakula ni tofali. Siku ya pili nikapika wali. Likarudi. Siku ya tatu mume wangu akaondoka na lori kwenda kazini Mbeya, mpambe wangu naye akapanda kurudi kwetu, na bakuli likarudi. Mama mkwe akanifundisha kumenya ndizi mbichi kwa mafuta mkononi utomvu usinishike, kuzipanga chunguni, kuzipika na maziwa mpaka zilegee, ile mbalaga yao. Za kwanza niliziunguza. Za pili zilikuwa mawe, na safari hii kweli. Siku zikawa zinapita hivyo, asubuhi ukungu, mchana mvua, jioni bakuli lile mikononi mwa wifi, zito vilevile kama lilivyokwenda. Nilikuwa nautambua uzito wake kwa jinsi wifi anavyotembea.

Lakini mzee alikuwa anakuja. Mashamba yalikuwa yake, ng'ombe walikuwa wake, hangeweza kuyaacha. Alikuja kama hali ya hewa. Kwanza kikohozi mbali, kwenye mianzi ya kijitoni, kikohozi cha kunitangazia, si cha ugonjwa. Kisha fimbo juu ya mawe. Kisha kimya, anakamua. Mimi niko ndani, nimekaa nyuma ya ukuta, nasikiliza maziwa yanavyopiga ndoo, mwanzo kwa mlio wa bati, kisha mlio unanenepa. Alikuwa anaongea na ng'ombe wake kwa sauti ya chini kama anamweleza habari za ukoo. Wakati mwingine nilisinzia hapo ukutani, na usingizini ile sauti ilikuwa inaongea na mimi. Niliyajua maisha ya mzee yule kwa masikio. Nilijua leo goti linamuuma, maana fimbo ilitangulia mara mbili. Nilijua kafurahi, maana aliimba puani. Na uso wake niliokwishauona ulikuwa unafifia kidogokidogo, nikiushika unaponyoka, kovu lilikuwa kulia au kushoto? Miaka yote niliyokaa naye, nami nilikaa naye mingi, sikuuona tena. Nauona mpaka leo kupitia ukungu ule, na jani linapanda kuuziba.

Nikajifunza pia kujificha. Usidhani ni kazi ndogo. Wifi alikuwa ananifanyisha mazoezi uani, yeye anajifanya mzee, anakohoa, mimi nachuchumaa na kujifunika.

"Polepole mno, wifi! Mzee kashakupita, ameshaoa mke wa pili!"

"Kohoa vizuri basi, unakohoa kama mbuzi!"

Shangazi alikuwa anatutazama kutoka kwenye kigoda chake, anazuia mdomo usicheke.

Siku ya tisa au ya kumi, sikumbuki, nilikwenda kijitoni kuchota maji. Mvua ilikuwa imepumzika muda mfupi tu na njia imekuwa sabuni. Njia ile ni nyembamba, huku ukingo wa udongo umesimama, huku mteremko wenye viwavi, yale majani yanayowasha ukiyagusa, marefu mpaka kiunoni. Narudi na ndoo kichwani, katikati kabisa ya njia, nikasikia kikohozi. Mbele yangu, karibu. Ukungu ulikuwa umeimeza sauti mpaka akafika.

Pa kwenda hapakuwepo. Ukingo siwezi kuupanda. Kurudi nyuma ni mbali na atauona mgongo wangu unakimbia. Fimbo ikagonga jiwe. Sikufikiri. Niliiacha ndoo ianguke, nikaingia kwenye viwavi, nikachuchumaa humo, nimempa mgongo, kanga juu ya kichwa. Maji yote yalinimwagikia. Viwavi viliniuma mapajani, shingoni, mikononi, moto wa kukufanya uite mama yako. Sikutikisika.

Fimbo ikafika sawa na mimi, ikasimama.

Ndoo ilikuwa bado inabingirika chini ya mteremko, gong, gong, mpaka ikanyamaza. Mzee hakupita. Nilisikia anavyopumua. Nilisikia maji yanadondoka kwenye migomba ya ng'ambo. Nilikuwa nalia, lakini viwavi vilinisaidia, mtu angedhani nalilia muwasho.

Kisha akasema. Hakusema na mimi. Alisema na njia, kwa Kiswahili, ili aliyepaswa kusikia asikie: "Njia hii niliilima nyembamba. Mtu mwenye nyumba yenye wakwe halimi njia nyembamba hivi. Kosa ni la mwenye jembe."

Fimbo ikageuka. Nikaisikia inarudi alikotoka, polepole, kulizunguka shamba lote, njia ya mbali, na goti lile. Alinipisha. Yeye ndiye aliyenipisha mimi.

Nilirudi nyumbani sina maji, nimevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Mama mkwe akaniona, akanipaka samli mwili mzima, nami nikawasimulia yaliyotokea njiani. Shangazi akauliza, "Kaingia kwenye viwavi kwa hiari yake?" Wifi akasema ndiyo. Shangazi akatazama pembeni. "Hawa Wahehe," akasema, lakini sauti ya kupasulia kuni haikuwemo.

Nikapika mbalaga na vidole vilivyovimba. Sikuonja hata, ulimi wangu haukuwa unasikia kitu. Wifi akalichukua bakuli, akavuka kijito. Sisi watatu tukakaa mlangoni, mama mkwe anachambua mboga ambayo alikwisha kuichambua. Jua lilitoka kidogo chini ya mawingu, la njano, kila jani likawa limewashwa kwa ndani.

Wifi akatokea kwenye mianzi. Anatembea upesi. Bakuli ameliweka kichwani, juu chini, kama kofia.

Shangazi alisimama kabla yangu. "Leta nione." Akaligeuza. Lilikuwa tupu, limefutwa kwa kidole. Akalinusa, mwanamke mgumu yule, kama hakimu. Akaniwekea mapajani, akaingia ndani kufunga mzigo wake wa kurudi kwake.

"Kala mbele yako?" mama mkwe akauliza.

"Kala mpaka kalamba," wifi akasema. "Halafu kanituma." Akavimbisha mashavu, akajifanya ameshika fimbo, akaigeuza sauti yake kuwa nzito: "'Kamwambie mwanangu, chumvi alisahau.'"

Mama mkwe akaanza kucheka, taratibu, mabega kwanza. Nikamwambia wifi arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, lile neno la katikati tu. Halafu nikasimama, na vidonda vyangu vya viwavi, nikamwambia ageuke, arudi ng'ambo sasa hivi, kabla jua halijazama.

"Nikaseme nini?"

"Kamwambie baba nimesikia."